Jumamosi Verlyn Alipofungua Mdomo

Mji wa Ostrander, kule Iowa, ulikuwa unapata siku moja tu kwa wiki ya kupumzika na mdomo wa Verlyn Tjaden, nayo ni Jumamosi ya mpira. Siku nyingine zote, pole yako. Verlyn alikuwa wakala wa mbegu za mahindi. Kama hujawahi kukutana na wakala wa mbegu, chukua dalali wa mnada, mvishe kofia ya kampuni, mpe gari la wazi nyuma, halafu mnyime breki za ulimi. Huyo ndiye Verlyn. Alishawahi kumuuzia mbegu mtu aliyekwisha kuvuna.

Kila asubuhi alikuwa kwenye mgahawa wa Twila, kiti cha kati, ili asikike pande zote mbili.

"Mahindi yangu yakiota," anasema, "ng'ombe wa jirani wanaomba uhamisho."

"Kipenzi," Twila anamjibu huku anammiminia kahawa, "ukinyamaza dakika tano, kikombe hiki bure."

Tangu mgahawa ule ufunguliwe, Verlyn hajawahi kunywa kahawa ya bure.

Jumamosi, sasa. Jumamosi alikuwa anashika mnyororo.

Usidhani ni huu mpira wa kupiga chenga na kujiangusha ukashika goti. Huu wa vyuo vya kwao unabebwa mkononi, na wanaume wamevaa kofia ngumu wanagongana kama mabeberu. Timu inapewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. Ukizifikisha, unapewa mengine manne. Ukishindwa, unamkabidhi mwenzio mpira, wewe nenda kakae. Na hizo yadi kumi hazipimwi kwa macho ya shabiki. Pembeni ya uwanja kuna mnyororo wa yadi kumi kamili, huku una fimbo ndefu ya rangi ya machungwa, huku una nyingine, na wanaoushika ni watu wa mji wenyewe, wenyeji wa ile timu. Hiyo ndiyo desturi. Mgeni anakuja kwako kucheza, na anakuachia wewe umpimie. Sharti ni moja: ukishavaa kile kizibao cha washika mnyororo, huna timu. Hushangilii, hupigi makofi, husemi kitu isipokuwa umeulizwa na refa.

Kwa hiyo saa tatu nzima kila Jumamosi, Verlyn Tjaden alikuwa bubu. Watu walikuwa wanakuja uwanjani kuona hilo tu. Mkewe, Darlys, alikuwa anakaa jukwaani na blanketi lake na chupa ya chai, uso umetulia kama mtu aliyetoka kuungama. Wenzake wakimuuliza anaishije na yule bwana, anasema, "Naishi kwa kusubiri Jumamosi."

Fimbo ya nyuma Verlyn aliirithi kwa baba mkwe wake. Ya mbele aliishika shemeji yake, Loras Buseman, kaka yake Darlys. Loras alikuwamo kwenye timu ya chuo cha Ostrander mwaka ule wa mwisho walipobeba kombe la ligi, miaka arobaini nyuma, na goti lake la kushoto lilibaki huko huko. Verlyn mwaka ule ule alikwenda kujaribiwa. Kocha alimwangalia siku mbili, siku ya tatu akampa ndoo ya maji.

"Mimi nina goti la kombe," Loras alikuwa anapenda kusema. "Wewe una nini, shemeji? Mpini wa ndoo?"

Verlyn anacheka. Lakini usidanganyike na kicheko cha mwuza mbegu. Yule bwana alilitaka kombe kuliko alivyotaka mvua ya mwezi wa saba. Alitaka lirudi Ostrander na yeye akiwa pale uwanjani, ameshika kitu, hata kama ni fimbo.

Timu yao inaitwa Kunguru, na kwa miaka mingi walikuwa kunguru kweli, wale waoga wanaokimbiza ubawa wao. Msimu ule walianza vilevile. Mechi ya kwanza walifungwa mpaka bendi yao wenyewe ikafungasha matarumbeta mapema. Halafu kocha wao, Haverkamp, mtu mrefu mwenye huzuni kama farasi wa mazishi, akampa mpira kijana mmoja wa St. Louis aitwaye Jermell Oakes. Mfupi, mpana, kama friza lenye miguu. Huyo alikuwa haangushwi, anachoka tu mwenyewe baadaye. Wakashinda kwenye tope. Wakashinda kwenye upepo. Wakashinda ugenini kwa mpira uliogonga mwamba, ukafikiria, ukaangukia ndani. Mji ukaanza kuugua. Mchungaji akafupisha mahubiri. Wakulima wakaacha mahindi shambani Jumamosi, jambo ambalo Iowa ni sawa na kumwacha mtoto kituoni.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika, timu mbili tu zilikuwa juu ya ligi, zimelingana ushindi: Kunguru, na Wahunzi wa Belknap. Belknap ni chuo cha wenye nazo. Hata nyasi zao zinachanwa. Kombe lilikuwa linalala kwao mpaka limezoea kitanda. Mechi ya mwisho ikawa yao wawili, Ostrander, Jumamosi. Anayeshinda anabeba.

Wiki ile Verlyn hakunyamazika.

"Wakitaka kupima, wapime!" alitangaza kwa Twila, uma mkononi. "Tangu nishike fimbo ile sijakosea hata upana wa unywele. Belknap wakifungwa hapa, watafungwa kwa kipimo halali, na watarudi kwao wameshika kichwa!"

"Nywele zenyewe unazitoa wapi za kupimia?" Loras akamuuliza, akimtazama upara. Mgahawa ukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Jumamosi ikaja na baridi ya kukata masikio. Jukwaa lilijaa, na waliokosa nafasi walipanda juu ya mashine za kuvunia zilizoegeshwa nyuma ya uzio. Verlyn akavaa kizibao, akafunga mdomo, na kazi ikaanza.

Sasa sikiliza hii kazi yenyewe, maana bila hii hutaelewa kilichomkuta. Mshika fimbo ya nyuma ana kibanio, chuma kidogo kama cha kuanikia nguo. Kila timu inapopewa majaribio mapya, fimbo inasimamishwa usawa wa mpira, halafu yeye anapiga goti na kubana kibanio kwenye mnyororo, pale unapokatiza mstari mweupe wa uwanja ulio karibu. Ukingo wa nyuma wa mstari. Siyo wa mbele. Wakija kupima kati ya uwanja, refa wa pembeni anaushika mnyororo kwenye kibanio, anakiweka ukingo ule ule wa nyuma, na mnyororo mzima unakaa pale pale ulipokuwa. Mstari una upana wa kiganja. Ukibana ukingo wa mbele, mnyororo ukibebwa utarudi nyuma kiganja kizima, na wenye mpira watapata zawadi ambayo hakuna aliyeiona ikitolewa. Verlyn alikuwa anajua bila kutazama: akipiga goti, rangi nyeupe iwe kulia kwa kidole gumba chake. Timu ikishambulia kuelekea kushoto, basi inakuwa kushoto. Na siku ile, saa ile ninayokupeleka, Kunguru walikuwa wanashambulia kuelekea kulia. Rangi iwe kulia. Shika hapo.

Mechi ilikuwa ya kuumiza tumbo. Belknap wakatangulia, Kunguru wakasawazisha, Belknap wakatangulia tena. Zikabaki dakika tatu, ubao unasoma Belknap ishirini na nne, Kunguru ishirini na moja, na mpira ni wa Kunguru. Haverkamp alishatumia ruhusa zake zote za kusimamisha saa. Wakipoteza mpira hapa, Belknap watakaa juu yake mpaka saa ife, basi, kwaheri kombe.

Jermell akapewa mpira. Akaingia kwenye msitu wa watu, msitu ukafunga. Verlyn akaweka macho chini kama anavyopaswa. Mara jukwaa likalipuka. Jermell ametokea upande wa pili wa msitu! Anakimbia, amemburuta Mhunzi mmoja mgongoni kama mzigo wa kuni, yadi tano, kumi, kumi na tano. Majaribio mapya.

Verlyn akakimbia na fimbo yake kufuata. Na hapo, mara moja katika maisha yake ya mnyororo, roho ikamtoka ikaenda kumshangilia Jermell. Mdomo haukufunguka, la. Lakini miguu iliruka, karuko kadogo ka mtoto aliyeona keki. Akapiga goti, akabana kibanio, macho yake yako uwanjani kwa Jermell anayeinuka. Akasimama.

Loras, mbele kule kwenye fimbo yake, alikuwa anauma midomo kuzuia tabasamu.

Jaribio la kwanza, yadi nne. La pili, yadi tatu. La tatu, Jermell akagongwa na watu watatu kwa pamoja, akapata mbili na kidogo. Likabaki la nne. Dakika moja na ushei. Kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti, wapate pointi tatu za kusawazisha, ni mbali mno kwa mpigaji wao. Haverkamp akaangalia mbingu, akamwangalia Jermell, akanyoosha kidole: wewe.

Watu elfu kadhaa wakanyamaza mpaka ukasikia bendera inapigwa na upepo. Kofia zikagongana. Rundo la watu likaanguka juu ya mstari, wakawa wanatolewa mmoja mmoja kama magunia, na chini kabisa alikuwa Jermell amekumbatia mpira. Imefika? Haijafika? Refa mkuu akatazama, akashindwa. Akaita mnyororo.

Wakaingia. Refa wa pembeni, Pacheco, mtu wa Davenport mwenye masharubu yaliyopangwa, akaushika mnyororo kwenye kibanio.

"Mstari upi?"

"Wa yadi thelathini na tano," akasema Verlyn. Hilo anaruhusiwa.

Pacheco akachuchumaa, akaweka kibanio ukingo wa nyuma wa mstari. Loras akavuta fimbo ya mbele mpaka mnyororo ukalia. Akaisimamisha kando ya mpira. Ncha ya mpira ilikuwa imeipita fimbo kwa vidole viwili.

Vidole viwili! Refa mkuu akanyoosha mkono mbele: Kunguru wanaendelea. Ostrander ikapiga kelele mpaka kuku wa wilaya nzima hawakutaga wiki ile. Watu walilia. Darlys, mwanamke wa blanketi na chai, alikuwa amesimama juu ya benchi.

Na Verlyn alikuwa anaangalia kibanio.

Aliona vidole vya Pacheco, na rangi nyeupe kulia kwa kidole gumba chake, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo kidole chake mwenyewe kikamkumbusha. Pale alipobana, na miguu yake inaruka, rangi ilikuwa kushoto. Aliiona kwa pembe ya jicho akaipita kama mtu anayekudai. Kushoto. Amebana ukingo wa mbele. Kiganja kizima, na mpira umepita kwa vidole viwili tu.

Sheria inasema kosa la kipimo linarekebishwa kabla jaribio linalofuata halijaanza. Likishaanza, imekwisha, hata malaika ashuke na rula. Kunguru walikuwa wanakimbilia kujipanga. Refa mkuu ameshaweka filimbi mdomoni.

Nyamaza, alijiambia. Si ndiyo kazi yako? Si umelipwa sandwichi ya nguruwe ili unyamaze? Belknap wana makombe mpaka wanayatumia kupandia maua. Nani atajua? Akamwangalia Loras. Loras alikuwa ameganda na fimbo yake, machozi yanamtiririka kwenye baridi ile, goti lote limesahaulika. Akamwangalia Haverkamp, ule uso wa farasi umecheka. Halafu akamwangalia nahodha wa Belknap, kijana mkubwa mwenye damu puani, ambaye hakuwa anabishana na mtu. Aliona kipimo, akakikubali, akageuka kurudi mahali pake. Amekuja ugenini, amepimiwa na wenyeji, na hata hakuuliza.

Hiyo ndiyo iliyomuua. Angelalamika kidogo tu, Verlyn angepata sababu.

"Refa," akasema.

Sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyesikia.

"Refa! Pacheco! Simamisha!"

Hiyo walisikia. Jukwaa la karibu likaona mdomo wa Verlyn Tjaden unatikisika siku ya Jumamosi, na kelele zikaanza kukatika, safu baada ya safu, kama taa zinazozimwa.

Pacheco akapiga filimbi, akamsogelea. "Kuna nini?"

"Kibanio. Nilikiweka ukingo wa mbele."

Pacheco akamkazia macho. Akamwona yule mzee, koti la Kunguru limechungulia chini ya kizibao. Akashusha sauti. "Mzee, wewe ni wa hapa."

"Nimezaliwa nyuma ya ule mnara wa maji."

"Basi fikiri kwanza. Una hakika?"

Unaona mlango huo? Umeachwa wazi kabisa. Angesema "sina hakika," Pacheco angempigapiga bega, mpira ungeendelea, na kila mtu angelala na dhamiri yake nusu nusu.

"Hapa wote wananijua mimi," akasema Verlyn. "Sijawahi kukosa hakika na kitu chochote. Ukingo wa mbele. Nimekosea mimi."

Wakapima upya, kibanio mahali pake. Loras alivuta fimbo bila kumtazama. Mpira ukalala nyuma ya fimbo. Vidole viwili, labda vitatu. Refa mkuu akanyoosha mkono upande wa pili: mpira wa Belknap.

Sitakuchosha na yaliyofuata. Belknap walichukua mpira, wakapiga goti nao ili saa iendelee kwenda, wakapiga goti tena, saa ikafa. Hakuna anayejua kama Kunguru wangefunga hata wangeachiwa. Lakini muulize mtu yeyote wa Ostrander, atakuapia kwa mama yake kwamba lile bao lilikuwa tayari limepakiwa kwenye gari.

Kikombe cha kakao kilichorushwa kutoka jukwaani kilimpata Verlyn begani. Cha pili kikampita. Alikuwa anakunja mnyororo, na Loras anakunja kutoka upande wa pili, mpaka wakakutana katikati.

"Miaka yote hii," Loras akasema taratibu. "Harusini umeongea. Msibani umeongea. Hospitali nimepasuliwa goti, nimelewa dawa, umeongea. Shemeji, ungeufunga dakika moja tu."

Verlyn akamkabidhi mnyororo. Darlys akaja, akamwekea blanketi lake mabegani, akamwambia, "Twende nyumbani," na njia nzima hakuna aliyesema kitu, mpaka kimya kikamtisha Darlys mwenyewe, akawasha redio ya gari.

Sasa, wewe unadhani walimtukana? Hujui watu wa Iowa. Tusi pale ni mapenzi. Adhabu yao ni adabu. Jumatatu Verlyn aliingia kwa Twila, akakaa kiti chake cha kati, na mtu wa kulia akasema, "Habari za asubuhi, Bwana Tjaden." Wa kushoto akamsogezea sukari. "Karibu, bwana." Bwana! Watu waliosoma naye chekechea! Twila akammiminia kahawa bila neno, Verlyn akakaa kimya dakika tano, kumi, na alipoondoka Twila hakudai kitu. Kahawa ya bure. Aliinywa kama dawa ya minyoo.

Baridi nzima ikaenda hivyo, na Twila akaanza kuwasha redio kwenye kaunta kuziba ukimya. Wakulima walinunua mbegu zake, wakasema asante, wakaondoka bila kumwita mwongo. Haverkamp alimpa mkono kanisani, mkono wa mtu anayeaga maiti. Krismasi Loras alikaa mezani mkabala naye akasema, "Darlys, mwombe mumeo anisogezee viazi." Verlyn alivisogeza. Akajaribu mzaha kuhusu viazi. Hakuna aliyecheka, hata viazi vyenyewe. Usiku alimwuliza mkewe, "Nilikosea kusema?"

"Ulikosea kuruka," akajibu Darlys. "Kusema ulisema sawa. Lala."

"Sasa mbona hawanichokozi?"

Darlys akazima taa. Na yeye, usicheke, alikuwa ameanza kuzikumbuka Jumapili zenye kelele.

Ardhi ikalainika, mashine zikatoka mabandani. Asubuhi moja mgahawa wa Twila umejaa, Verlyn yuko kwenye kiti chake, mdogo, kofia imeshuka mpaka nyusi, anakula pai ya rubabu, yale mabua yao ya uchachu. Mlango ukafunguka, akaingia Loras na goti lake. Viti vyote vimekaliwa isipokuwa kimoja, kando ya shemeji yake. Loras akasimama. Mgahawa ukasikilizia. Akakaa.

Twila akamletea pai. Loras akaiangalia sahani yake, akaiangalia ya Verlyn, akarudi kwenye yake. Akaweka uma chini.

"Twila."

"Sema."

"Huyu umempa kipande kikubwa kuliko changu. Naomba tupime upya." Akamwonyesha Verlyn kwa kidole. "Lakini yeye asishike kisu. Atakata ukingo wa mbele."

Hata nyama kwenye kikaango ilionekana kupunguza sauti. Verlyn akageuza kichwa polepole, macho yamelowa, pua imekuwa nyekundu. Akavuta kofia nyuma.

"Loras Buseman," akasema, sauti inatetemeka kama injini ya asubuhi ya baridi. "Wewe kwa goti lile, hata nikupe kiganja, hata nikupe mkono mzima mpaka begani, pai hiyo ungefika nayo nusu njia ukaomba machela! Kocha hakukuweka kwenye timu ile kwa mbio, alikuweka kuzuia upepo! Na sikiliza, tena ninyi nyote sikilizeni, maana mwaka huu nina mbegu moja hapa, mahindi yake..."

"Haya," akasema mtu wa kulia. "Tumekwisha."

Twila akanyoosha mkono akazima redio. Haikuwa na kazi tena.